Kumfungia Mbwa Bila Kumtega

Kaya nyingi za nyanda za juu za Kigoma hufuga mbwa kwa kazi mbili: kulinda nyumba usiku, na kufukuza nyani na tumbili shambani mahindi yanapokomaa. Kazi zote mbili zinamtaka mbwa awe na nafasi ya kutembea, na hapo ndipo taabu huanzia. Akivuka mpaka wa ua, anakutana na kuku na mbuzi wa jirani. Anakutana na watoto wanaokwenda shule alfajiri. Anakutana na malori pia, maana barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo hadi Kasulu, iliyokuwa ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi, imejengwa kwa lami na magari yanapita kwa kasi ambayo mbwa wa kijijini hakuizoea. Na anakutana na mbwa wenzake, ambao mmoja wao huenda ana kichaa.

Kwa hiyo ukiamua kumfungia mbwa wako, uko Mtendeli, Kibondo mjini au vijiji vya Kasulu, umeamua vyema. Ila wengi wetu hutumia kilicho karibu na mkono: kamba ya katani, kipande cha waya, au mnyororo mfupi uliofungwa kwenye mwembe. Mnyororo huo unawakinga watu na mbwa, lakini mbwa mwenyewe haumkingi na chochote. Moto wa nyika ukifika, au nyuki wakivamia, yeye ndiye kiumbe pekee pale nyumbani asiyeweza kukimbia.

Kizuizi salama kinajibu maswali matatu. Je, kinawakinga wapita njia na watoto wasiumizwe? Je, kinamwacha mbwa aishi kwa afya kila siku? Na siku ya dharura, je, kinamwacha aokoke? Swali la tatu ndilo husahaulika, na ndilo linalotenganisha kumfungia mbwa na kumtega. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze bila kumtesa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutimiza wajibu huo kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa.

Kagua eneo kabla ya kununua kitu

Zunguka mpaka wa ua wako mara mbili: asubuhi na mapema, kisha saa nane mchana. Asubuhi angalia nani anapita na anapita wapi: watoto wa shule, kina mama wanaokwenda kisimani, waumini wanaotoka sala ya alfajiri. Saa nane mchana angalia kivuli kiko wapi, kwa sababu mahali penye kivuli asubuhi panaweza kuwa jua kali baada ya chakula cha mchana.

Kisha yakague mambo haya manne:

- Maji. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Fuata mifereji midogo iliyochimbwa na mvua iliyopita. Mbwa asiwekwe kwenye mkondo.
- Moto. Kati ya Juni na Septemba majani hukauka na moto wa kuandaa mashamba hutoroka mara kwa mara. Pima umbali kati ya ua na nyasi kavu za karibu.
- Nyuki. Hii ni nchi ya asali. Kama wewe au jirani mna mizinga, panga mbwa akae mbali nayo iwezekanavyo, upande wa pili wa nyumba.
- Wanyama wa porini. Ukiwa karibu na msitu, chui na fisi humchukua mbwa aliyefungwa kwa urahisi kuliko mbuzi aliye zizini.

Baada ya eneo, mwangalie mbwa mwenyewe. Yuko anayeruka, yuko anayechimba, na yuko anayetafuna. Anayeruka hazuiwi na uzio wenye kimo cha kiuno cha mtu. Anayechimba hajali ukuta una urefu gani iwapo chini yake kuna udongo mtupu. Anayetafuna humaliza fito nyembamba kwa wiki chache. Jike anahitaji kizuizi madhubuti kuliko wote, kwa sababu akiwa kwenye joto, hali inayotokea kama mara mbili kwa mwaka na kuchukua takriban wiki tatu kila mara, madume ya kijiji kizima yatamfuata na yatabomoa lolote lililo dhaifu. Kumhasi mbwa, dume au jike, kunapunguza sana tamaa ya kutoroka. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu huduma hiyo kabla hujaingia gharama ya kujenga.

Mnyororo: uwe wa muda tu

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa wa mnyororo ameondolewa ufuko. Nyuki wakimwangukia, atazunguka mti mpaka mnyororo uishe na afe palepale, jambo ambalo wafugaji wa nyuki wanalijua vizuri kwa mbuzi na mbwa waliofungwa karibu na mizinga. Akifungwa karibu na ukuta au uzio anaoweza kuuruka, ataruka na kuning'inia upande wa pili hadi akose pumzi. Akifungwa chini ya mti mrefu msimu wa radi, mahali alipo ni pabaya kuliko pote uani.

Yapo pia madhara yanayokuja polepole. Mbwa anayefungwa kutwa kucha huwa na woga na hasira, na mtoto anayeingia kwenye duara lake anaumwa kabla hajajua amekosea nini. Shingoni, kamba inayokaza hukata manyoya, halafu ngozi, halafu nyama. Inua manyoya ya shingo kwa vidole na uangalie chini ya mkanda kila wiki: ukiona ngozi nyekundu, unyevu au harufu, mvue mkanda siku hiyo hiyo, osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na kama kuna mabuu au usaha mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo. Mbwa wanaokua ndio huumia zaidi, kwa sababu shingo inanenepa na mkanda unabaki uleule.

Kama kwa sasa huna njia nyingine, tumia mnyororo kwa saa chache tu, kwa masharti haya:

1. Mkanda uwe mpana, wa ngozi au wa turubai nene, na vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kamba, waya au mnyororo wenyewe visiguse shingo.
2. Mnyororo uwe na pete inayozunguka katika ncha zote mbili ili usijisokote. Urefu usipungue mita 3.
3. Ndani ya duara lake kusiwe na kisiki, jiwe, ngazi, ukuta wala baiskeli. Maji na kivuli viwe ndani ya duara hilo kutwa nzima.
4. Panga mawe kuzunguka duara, nusu mita nje ya pale mbwa anapofika. Wafundishe watoto wa nyumbani na wa jirani kwamba mawe hayo hayavukwi.
5. Usimfunge mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita.
6. Pawepo mtu mzima nyumbani. Mbwa hafungwi kwa mnyororo familia ikiwa shambani.

Hatua iliyo bora kidogo ni waya wa kutelezea. Simika nguzo mbili imara kwa umbali wa mita 8 hadi 10, vuta waya mzito kati yake kwa kimo kinachopita kichwa cha mtu, na uupitishe kwenye pete ambayo mnyororo unaning'inia. Mbwa atatembea kwenda na kurudi. Funga kizuizi kwenye waya kabla ya kila nguzo, mahali ambapo mnyororo haufikii nguzo, ili asije akajizungushia. Njia hii inampa mbwa mwendo, lakini hatari za moto, nyuki na chui ziko palepale. Ichukue kama daraja la kukufikisha kwenye uzio.

Uzio: chagua kwa kuangalia sehemu ya chini

Mtu anapojenga uzio kwa ajili ya wezi huangalia juu. Kwa mbwa, angalia chini kwanza, maana wengi hutoroka kwa kupenya au kuchimba. Kwa mbwa wetu wa kienyeji kimo cha mita 1.5 kinatosha, na kwa anayeruka kiwe mita 1.8. Nafasi kati ya kipande na kipande isizidi sentimita 5 katika nusu mita ya chini, ili hata mtoto wa mbwa asipitishe kichwa.

Uzio wa miti hai. Minyaa ndiyo iliyozoeleka kwa kuwa inashika kwa kijiti tu, haina gharama, na mbuzi hawaili. Ina kasoro mbili. Kwanza, misimu miwili ya mvua ya mwanzo haizuii mbwa, kwa hiyo panda safu mbili zilizopishana, kijiti kwa kijiti sentimita 20, na ufunge fito tatu za ulalo chini mpaka mashina yanenepe. Pili, utomvu wake mweupe ni mkali na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Usipogoe mbwa au watoto wakiwa karibu, na matawi yaliyokatwa yaondolewe siku ileile. Utomvu ukimwingia mtu au mbwa machoni, suuza kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na utafute matibabu haraka. Mbono nao hupandwa kama uzio, lakini mbegu zake ni sumu, na watoto wa mbwa hutafuna kila kinachoanguka. Michongoma ni imara kuliko yote na miiba yake inazuia fisi pia, ila inakutaka uvumilie miaka kadhaa.

Uzio wa nguzo na mabanzi. Mabanzi kutoka kwa wapasuaji mbao ni ya bei nafuu na yanafaa sana kwa mbwa: mbwa haoni nje, kwa hiyo habwekei kila mpita njia. Yapigilie wima, kwa sababu mabanzi ya ulalo humpa mbwa ngazi ya kupandia. Kwa nguzo tumia mirunda ya mikaratusi. Misitu ya miombo ya Kakonko, Kibondo na Kasulu imebeba mzigo mkubwa wa kuni na nguzo kwa miongo mingi, yetu sisi wenyeji na ya kambi za wakimbizi zilizokuwepo na zilizopo, kuanzia Mtendeli iliyofungwa Desemba 2021 hadi Nduta na Nyarugusu. Hakuna sababu ya kukata mninga kwa ajili ya uzio wa mbwa wakati mkaratusi wa kupandwa unatosha.

Adui wa nguzo ni mchwa. Kabla ya kusimika, weka mguu wa nguzo juu ya makaa na uuzungushe polepole, kuanzia ncha hadi sentimita 70 kwenda juu, mpaka ganda la nje liwe jeusi na lipasuke vipande vidogo kama ngozi ya mamba. Usiache ulimi wa moto uushike, ukiona unawaka nyunyizia maji. Chimba shimo la sentimita 60, tia mawe chini maji yapate pa kupita, simika, kisha shindilia udongo na kokoto kwa tabaka. Umbali kati ya nguzo na nguzo uwe mita 2. Wengi hupaka oili chafu. Ukiitumia, ipake sehemu inayozama ardhini peke yake, maana mbwa hulamba na ni sumu kwake. Kila mwaka kabla ya mvua gonga nguzo kwa jiwe, na inayolia utupu ibadilishwe.

Ukuta wa matofali ya kuchoma. Ndio unaodumu kuliko vyote na hauhitaji kitu cha ziada isipokuwa msingi wa mawe. Acha matundu chini ya kutolea maji ya mvua, na uyazibe kwa nondo zilizosimamishwa karibu karibu. Kama ni lazima uweke vipande vya chupa juu kwa ajili ya wezi, hakikisha ndani hakuna rundo la matofali wala pipa ambalo mbwa anaweza kulitumia kurukia.

Wavu wa chuma. Ule mzito wa fensi, wenye matundu ya pembe nne, ni mzuri lakini una bei. Uzamishe sentimita 30 ardhini, au upange mawe makubwa kando ya mguu wake wote. Wavu wa kuku hautoshi: mbwa mzima anaupasua kwa meno, na ncha zake zilizokatika zinamchana mdomo na macho.

Seng'enge ya miba. Iache kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa haoni mwiba anapokimbilia sauti usiku. Anapenya katikati ya nyuzi, na majeraha yake ni ya kushonwa. Hata kumzuia haimzuii.

Mikanda ya umeme. Huenda umeona kwenye simu matangazo ya "uzio usioonekana": waya unafukiwa ardhini, na mkanda wa shingoni unamtia mbwa mshtuko anapoukaribia. Teknolojia hiyo ilianzia Marekani miaka ya 1970, na Wales, nchini Uingereza, ilipiga marufuku mikanda ya mshtuko mwaka 2010 kwa sababu ya ukatili wake. Kwetu ina upungufu mwingine mkubwa: haizuii kitu kuingia. Mbwa mwenye kichaa, fisi, mwizi na mtoto wote watapita kana kwamba hakuna kitu. Fedha hizo zinunulie mabanzi.

Banda: chumba cha kulala na uwanja wake

Kama ua wako ni mkubwa au huwezi kuuzungushia wote, jenga banda. Kwa kaya nyingi za kijijini hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu gharama yake inajulikana na inakamilika ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Banda zuri lina sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba cha kulala. Mbwa wa kienyeji wa kawaida anatoshwa na urefu wa sentimita 100, upana wa 70 na kimo cha 75. Kikubwa kupita kiasi hakishiki joto, na usiku wa Juni na Julai huku juu ni wa baridi. Ya pili ni uwanja wa kutembea, usiopungua mita 2 kwa 4, uliozungushiwa mabanzi au wavu kwa kimo cha mita 1.8. Ukiwa karibu na msitu, funika uwanja huo juu kwa fito nene, kwa sababu chui huingilia juu.

Sakafu ndiyo roho ya banda. Funza aliletwa Afrika kutoka Amerika Kusini. Alienea kuanzia mwambao wa Angola mwaka 1872, na kabla karne hiyo haijaisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Anazaliana kwenye vumbi kavu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaombeba kutoka nyumba moja hadi nyingine. Banda la sakafu ya udongo mkavu linakuwa kitalu cha funza kwa miguu ya watoto wako. Inua chumba cha kulala kwa matofali mawili kutoka ardhini, weka sakafu ya mabanzi iliyolainishwa au saruji yenye mteremko, na ufagie kila siku. Matandiko ya nyasi kavu yabadilishwe kila wiki na ya zamani yachomwe mbali na banda. Angalia kupe masikioni na katikati ya vidole vya mbwa kila unapofagia.

Paa la bati linazuia mvua lakini linachoma mchana na kupiga kelele mvua inapoanza, na mbwa wengi huvunja banda kwa kuogopa radi. Tandaza nyasi nene chini ya bati, juu ya dari ya fito, upunguze joto na kishindo. Mteremko uelekee nyuma, na mlango uwe upande usiopigwa na mvua katika ua wako.

Faida moja ya banda haionekani kwa macho. Upande wa mashariki, kuelekea Pori la Akiba la Moyowosi, kuna mbung'o, na wilaya za Kibondo na Kasulu zimewahi kuwa na wagonjwa wa malale kwa muda mrefu. Mbwa anayezurura porini huumwa na mbung'o na kupata nagana: anakonda, anapata homa, macho yanaingia ukungu, na asipotibiwa anakufa. Mbwa anayelala bandani na kwenda porini na mwenyewe tu hupunguziwa hatari hiyo. Ukiona ukungu machoni, usidhani ni uzee. Mwite mtaalamu.

Mlango wa kila siku na mlango wa siku mbaya

Mlango wa banda ufunguke kuelekea ndani. Mbwa anayesukuma kutoka ndani atakuwa anaufunga badala ya kuufungua. Weka komeo la chuma kwa nje, kimo cha kifua cha mtu mzima, linalofunguka kwa mkono mmoja. Mchana usitie kufuli. Usiku kama unaogopa wezi, tia kufuli, lakini ufunguo uning'inie msumarini mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumbani anapajua, wala usikae mfukoni mwa baba aliyesafiri kwenda Kigoma.

Kisha ongeza kitu kimoja ambacho mabanda mengi hayana: kidirisha cha dharura. Upande ulio mkabala na mlango, tengeneza kilango cha sentimita 50 kwa 50 kinachofunguka kwa kupanda juu, kwa bawaba mbili. Kichomekee kipande cha nondo kama komeo. Funga kamba kwenye ncha ya nondo, na nyingine kwenye ukingo wa chini wa kilango. Zipitishe zote mbili juu, kwenye pete zilizopigiliwa kwenye nguzo, mpaka ukutani mwa nyumba, mita 10 au zaidi. Nyuki wakivamia hutaweza kusogelea banda, wala moto ukiwa umelizunguka. Utavuta kamba ya kwanza nondo ichomoke, utavuta ya pili kilango kinyanyuke, na mbwa atatoka kuelekea migombani. Ijaribu mara moja kila mwezi, na ubadilishe kamba ikianza kuchakaa kwa jua.

Safisha nyasi kuzunguka banda kwa upana wa mita 4 mwezi Juni, na urudie Agosti.

Ratiba ni sehemu ya uzio

Kama ua wako umezungushiwa wote, mbwa akae bandani mchana na aachiwe ndani ya ua usiku. Mrudishe bandani kabla ya watu wa kwanza kupita, yaani kabla ya alfajiri kupambazuka, usingoje jua lichomoze. Ajali nyingi za kuumwa hutokea katika nusu saa ambayo mwenye mbwa bado amelala na mwanafunzi yuko njiani. Kama ua hauna uzio kamili, usimwachie usiku: atalinda kijiji kizima isipokuwa nyumba yako.

Mbwa wa bandani atolewe kutembea kila siku na mtu anayemmudu, kwa mkanda na kamba, asubuhi au jioni. Maji yabadilishwe mara mbili kwa siku. Kibao cha "Kuna mbwa mkali" kiwepo getini, lakini mtoto wa darasa la kwanza hajui kukisoma, na hakichukui nafasi ya komeo.

Kichaa cha mbwa: hapa banda linaokoa maisha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kwamba wanne kati ya kila kumi wanaoumwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Hakuna uzio unaochukua nafasi ya chanjo. Mchanje mbwa kila mwaka na utunze kadi yake, na usikose kampeni zinazofanywa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukose pa kupita. Pemba imetuonyesha kwamba inawezekana: ugonjwa ulitokomezwa kisiwani mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016 baada ya chanjo kusimama, na ukakomeshwa Oktoba 2018 chanjo iliporudishwa kisiwa kizima.

Mbwa akimuuma mtu, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mpeleke aliyeumwa kituo cha afya akapewe chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa naye, kama yuko hai na anaweza kufungiwa salama, asiuawe kwa hasira. Mfungie bandani, peke yake, kwa siku 10, na umwarifu afisa mifugo na mtendaji wa kijiji. Mlishe kwa kusukuma bakuli kwa mti chini ya mlango, mtu asiingie. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akiambukiza alipouma. Akibadilika tabia, akitoa mate, akishindwa kumeza au akifa, wataalamu wanapata jibu wanalohitaji kumsaidia aliyeumwa. Kaya isiyo na banda haina pa kumweka mbwa huyo, na hapo ndipo watu hukimbilia rungu na ukweli unapotea.

Ukiwa na fedha kidogo

Fuata mpangilio huu, hatua kwa hatua, usisubiri upate vyote kwa pamoja:

1. Wiki hii: chanjo, mkanda mpana, mnyororo wenye pete zinazozunguka, duara la mawe.
2. Kabla ya mvua: banda la mabanzi lenye uwanja, komeo na kidirisha cha dharura. Ondoa mnyororo.
3. Mvua zikianza: panda minyaa au michongoma kuzunguka ua, safu mbili.
4. Mwaka unaofuata: jaza mapengo ya chini kwa fito na mawe, tengeneza geti.

Kila hatua ikikamilika, ifanyie jaribio lisilogharimu chochote. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mwombe mtu mwingine wa nyumbani, asiyekuwa wewe uliyejenga, aende kumfungulia mbwa. Akifanikiwa kabla hujahesabu hadi thelathini, kizuizi chako kinafaa. Akihangaika na kufuli, fundo au waya uliosokotwa, kesho asubuhi rekebisha hicho kwanza kabla ya kuongeza banzi hata moja.